Bury St Edmunds: Mji Uliokuwa na Mwenyewe

Vikongwe walitoka majumbani na vijiti vyao vya kusokotea sufu, wakawafuata watoza ushuru wakiwatukana na kuwatishia. Watoza ushuru walikuwa wamebeba vigoda na milango. Naam, milango: mwenye nyumba asipokuwa na peni moja ya kulipia mavuno, mlango wake uling'olewa ukachukuliwa kama rehani.

Kisa hiki ameturithisha Jocelin wa Brakelond, mtawa wa abasia ya Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 12. Jocelin hakuwa mtu wa mjini. Alikuwa upande wa waliowatuma watoza ushuru, na kwa miaka 6 alikuwa kasisi wa abate mwenyewe, yaani mkuu wa abasia, akila naye na kusafiri naye. Kwa hiyo anaposema kwamba matajiri wa mji waliachwa kimyakimya wasilipe peni ile, na kwamba waliobanwa ni maskini peke yao, sioni sababu ya kumshuku. Mtu hasingizii nyumba inayomlisha.

Ukisoma vipeperushi vya watalii, historia ya Bury inaanza na mtakatifu na kuishia kwa Henry VIII, mfalme aliyezifunga nyumba za watawa. Mtakatifu ni kweli yupo, na Henry yupo. Lakini nikiusoma mji huu kutoka chini, kwa vigoda na milango, naona mambo mengine. Kwa takriban miaka 500 watu wa Bury waligombana na abasia yao juu ya swali moja tu: soko ni la nani? Waliligombania kwa maneno, kwa mawe, kwa moto, hata kwa kukata vichwa vya watu. Kwa nguvu hawakulipata kamwe. Walilipata kwa njia nyingine, na njia hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuanze na marehemu. Edmund alikuwa mfalme wa Anglia Mashariki, akauawa na Wadenmark mwaka 869. Masimulizi yanasema alifungwa kwenye mti akapigwa mishale mpaka akafanana na nungunungu, kisha akakatwa kichwa, na kichwa kikatupwa kichakani ambako mbwamwitu alikilinda hadi wafuasi wake walipokipata. Mbwamwitu tumwache mwituni. Jambo la ajabu zaidi lina ushahidi wa chuma: katika miaka kama 30 hivi baada ya kifo chake, sarafu zilikuwa zinapigwa kwa jina la Mtakatifu Edmund katika nchi ile ile iliyokuwa chini ya Wadenmark. Waliomuua, au wana wao, wakawa wanaweka jina lake kwenye fedha za kununulia nafaka. Mwili ukahamishiwa kijiji kilichoitwa Beodricesworth, na mwaka 1020 mfalme Cnut, naye Mdenmark, akawaleta hapo watawa wa Mtakatifu Benedikto.

Wasomaji wa kusini mwa Tanzania hawahitaji kufundishwa abasia ni kitu gani. Peramiho na Ndanda zinafuata kanuni ile ile ya Benedikto, na yeyote aliyepita huko ameona jinsi makazi yanavyoota pembeni ya karakana, hospitali na kengele za watawa. Ila abasia ya Bury ilikuwa na kitu ambacho zile hazijapata kuwa nacho. Mwaka 1044 mfalme Edward aliikabidhi mamlaka ya kiserikali juu ya nchi nzima ya magharibi ya Suffolk, kaunti ilimo Bury. Mahakama, faini na amri vilikuwa vya abate. Sherifu wa mfalme hakuwa na kazi ndani ya mipaka ile. Eneo hilo liliitwa Uhuru wa Mtakatifu Edmund, jina linaloonekana zuri hadi uulize uhuru wa nani. Ulikuwa uhuru wa abasia dhidi ya mfalme. Wakazi hawakutajwa.

Aliyeugeuza mji kuwa mradi ni abate Baldwin, Mfaransa, tabibu wa mfalme, aliyetawala abasia kuanzia 1065 hadi 1097. Alipima viwanja. Mitaa ilinyooshwa na kukatana kama mistari ya daftari, na mtaa wa Churchgate ukalenga moja kwa moja mlango wa kanisa la abasia, ili mtu anayeshuka aende akiuona. Kitabu cha sensa ya ardhi cha William Mshindi, cha mwaka 1086, kinasema palikuwa na nyumba 342 juu ya ardhi ambayo miaka 20 tu nyuma ilikuwa inalimwa. Kinataja pia waokaji, wapika bia, mafundi cherehani, wafua nguo, washona viatu, wapishi na wabeba mizigo, jumla 75, ambao kila siku walimhudumia mtakatifu, abate na ndugu zake. Zingatia mpangilio huo. Mtakatifu, marehemu wa miaka 200, anatajwa wa kwanza kama mwajiri.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, na kwa Kiswahili tuna neno la kulisaidia: wakfu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haigawanywi. Mwenye mali ni Mungu, au kwa Bury, Edmund. Wanadamu ni wasimamizi tu. Mfalme hufa akaacha watoto wanaogombana, kabaila hufilisika, lakini mtakatifu hafi mara ya pili. Mfanyabiashara wa Bury aliyetaka kujadiliana kuhusu kodi ya kibanda chake alikuwa anajadiliana na mtu asiyekufa, asiye na shida ya fedha, na ambaye kumpunguzia haki yake ni dhambi.

Kweli hiyo ilikuwa ya kinadharia. Wasimamizi wake walikuwa na shida ya fedha kuliko kawaida. Samson alipochaguliwa kuwa abate mwaka 1182 alikuta madeni kila kona. Hata vyombo vya ibada vilikuwa vimewekwa rehani. Samson ni mtu wa kuvutia: mwana wa Norfolk, kichwa kikubwa chenye upara, mkali, mpenda maziwa na asali, aliyehubiri kwa lafudhi ya kwao ili watu wa kawaida wamwelewe. Aliandikisha kila shamba, kila deni, kila siku ya kazi iliyodaiwa. Leo angeitwa mkurugenzi wa kufufua mashirika.

Mkurugenzi huyo alikuwa na jicho kwa kila kitu kinachozunguka. Mwaka 1191 kasisi mmoja mzee aitwaye Herbert alijenga kinu cha upepo kwenye shamba lake. Hiki ni kimojawapo cha vinu vya upepo vya kwanza kabisa vinavyotajwa katika maandishi ya Uingereza, na tunakijua kwa sababu kilivunjwa. Samson aliapa hatakula mkate mpaka kibomolewe. Herbert akaja kujitetea kwamba upepo ni wa watu wote na kwamba atasaga nafaka yake tu. Samson akamjibu kuwa anamshukuru kama ambavyo angemshukuru mtu aliyemkata miguu yote miwili, kisha akasema jambo ambalo ndilo lililomuuma hasa: watu wa mji watakimbilia kinu chako kusaga, na mimi sitaweza kuwazuia kisheria, kwa kuwa ni watu huru. Mzee akaondoka kwa hofu, akaamuru watumishi wake wakibomoe kabla wale wa abate hawajafika.

Wachumi wa leo wangekaa darasani wiki nzima na kisa hicho. Abasia haikuchukia upepo wala teknolojia. Ilichukia njia ya pili. Aliyezoea kuwa na kinu peke yake hawezi kuvumilia cha jirani, hata kiwe kidogo, hata kiwe cha mzee.

Sokoni mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wanunuzi wa abasia walitangulia kuchagua vyakula kabla ya watu wengine. Mbolea iliyodondoka mitaani, isipokuwa mbele ya milango ya wachache, ilikuwa mali ya mtawa mtunza ghala. Wafanyabiashara wa London walipokataa kulipa ushuru kwenye gulio la mwaka, wakidai kwamba mji wao haujawahi kulipa popote, walikaa mbali na Bury kwa miaka miwili, gulio likadorora. Suluhisho lililopatikana linanichekesha kila ninapolisoma: walipe, halafu warudishiwe papo hapo, ili haki ya kila upande ionekane imebaki salama. Hata peni za vikongwe hatimaye zilibadilishwa kuwa shilingi 20 kwa mwaka, zilizolipwa na mji mzima kwa mkupuo. Samson hakuwa mjinga; alijua vijiti vya kusokotea vinaweza kugeuka marungu.

Lakini sitaki kumsifu kupita kiasi, kwa maana kuna ukurasa mwingine. Jumapili ya Matawi mwaka 1190 Wayahudi 57 waliuawa mjini Bury. Katika mwaka huo huo Samson aliomba kibali cha mfalme na kuwafukuza waliobaki, wakatolewa chini ya ulinzi wa watu wenye silaha, na aliyewahifadhi akatishiwa kutengwa na kanisa. Jocelin analiandika hilo kama mfano wa wema wa abate wake. Sababu anayoitoa ni ya kimilki: kila kilichomo mjini ni cha Mtakatifu Edmund, hivyo ama Wayahudi wawe watu wa Mtakatifu Edmund, ama waondoke. Wayahudi kisheria walikuwa chini ya mfalme, na abasia ilikuwa na deni kwa baadhi yao. Mbele ya kaburi la watu 57, hoja ilikuwa nani anamiliki nani. Anayetaka kuelewa umiliki wa mji unaweza kufika wapi asiruke ukurasa huo kwenda kwenye vituko vya kinu.

Bury inajivunia mwaka 1214. Kwa mujibu wa mwandishi wa zama zile, mabwana wa Uingereza walikutana mbele ya altare ya Edmund, wakisingizia hija, wakaapa kumlazimisha mfalme John akubali madai yao. Mwaka uliofuata ikazaliwa Magna Carta, hati iliyouwekea mipaka utawala wa mfalme. Nembo ya mji inasema kwa Kilatini kwamba hapa ni kaburi la mfalme na susu la sheria. Sawa. Ila mabwana wale waliapia haki zao kwenye mji ambao wakazi wake hawakuwa na haki ya kujichagulia viongozi bila kuidhinishwa na abasia. Susu lilikuwapo, mtoto alikuwa wa watu wengine.

Wenyeji hawakukosa kuona hilo. Walijaribu mwaka 1264. Mwaka 1327, wakati mfalme Edward II anapinduliwa na nchi haina mwenyewe, walivunja lango la abasia, wakapora hazina na nyaraka, na kumlazimisha abate kutia muhuri hati ya kuwapa serikali yao ya mji. Waliporudishwa nyuma, walirudi tena kuchoma. Mwaka uliofuata baadhi yao walimteka abate na kumvusha bahari hadi Diest, katika Ubelgiji ya leo. Mahakama iliwatoza fidia ya pauni 140,000, kiasi ambacho mji wote ukiuzwa na watu wake usingekifikia. Mwishowe yakapatikana mapatano ya fedha kidogo zaidi, kwa mafungu.

Jibu la abasia lipo hadi leo, unaweza kuligusa. Lango kubwa linalotazama uwanja wa Angel Hill lilijengwa upya baada ya ghasia hizo. Ni zuri mno: limechongwa kama sanduku la bibi harusi, na ukutani pana vidaka vya sanamu za watakatifu. Nyuma ya sanamu hizo kulikuwa na matundu ya kupigia mishale. Mtu wa mjini aliyepita pale Jumapili aliwatazama watakatifu. Siku ya ghasia watakatifu nao wangemtazama yeye.

Mwaka 1381, wakulima walipoinuka, hasa mashariki na kusini-mashariki mwa Uingereza, Bury ilikuwa miongoni mwa miji iliyowaka zaidi. Kundi lililoongozwa na kasisi John Wrawe liliwakamata jaji mkuu John Cavendish na priori wa abasia, yaani msaidizi wa abate, John wa Cambridge. Wote wawili walikatwa vichwa, na vichwa vyao vikapelekwa sokoni na kuchezewa kama vikaragosi: kimoja kikisogezwa kwenye sikio la kingine kana kwamba jaji anapokea ushauri, kisha vikibusiana. Waliwaua kweli, lakini walichokuwa wakikiigiza ni urafiki wa mahakama na abasia. Mfalme aliposamehe nchi, Bury iliachwa nje ya msamaha. Ikalipa faini, ikarudi chini.

Hapa vitabu vingi huruka hadi Henry VIII. Mimi nasimama kwa Jankyn Smyth.

Smyth alikuwa tajiri wa mjini aliyefariki mwaka 1481. Kila abate mpya alipochaguliwa mji ulilazimika kumlipa mkono wa kuingilia madarakani, mark 100 (kipimo cha fedha cha zama zile), na kila mara ilikuwa kilio. Smyth aliacha mashamba, yasimamiwe na wadhamini, ili mapato yake yalipie mkono huo na mizigo mingine ya mji. Wengine wakaongeza mashamba yao. Wadhamini walikutana kwenye ukumbi wa chama chao, wakaweka hesabu, wakafunga sanduku. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyeasi.

Lakini tazama walichokifanya. Walichukua silaha ya abasia yenyewe, mali isiyokufa, wakatengeneza ya kwao. Mkononi mwao sasa kulikuwa na msimamizi asiyefilisika, asiyezeeka, asiyeweza kukatwa kichwa. Mji usioruhusiwa kuwa na serikali ulipata mfuko, na mwenye mfuko, kwa mazoea ya dunia, hatimaye husikilizwa. Maasi ya 1327 yalitaka hati itiwe muhuri kwa siku moja. Wadhamini wa Smyth hawakuomba muhuri wowote. Walijifunza kuendesha mji huku wakijiita watoa sadaka.

Najua kuna atakayenipinga: bila ngumi za 1327 na 1381, abasia ingewaachia watu nafasi hiyo? Huenda hofu ya ngumi ilisaidia. Lakini baada ya kila ngumi mji ulitoka maskini zaidi na lango likatoka nene zaidi, wakati kila shamba lililoingia kwenye mfuko lilibaki humo.

Abasia ilipoanguka haikuangushwa na mji. Maofisa wa Henry VIII waliofika mwaka 1538 waliandika kwamba walikuta kaburi la mtakatifu lenye utajiri mwingi na gumu sana kulivunja, na kwamba wamebeba dhahabu na fedha za zaidi ya mark 5,000. Tarehe 4 Novemba 1539 abate John Reeve alisalimisha nyumba iliyokuwa na umri wa miaka 519. Alipewa pensheni, akafa miezi michache baadaye. Madini ya risasi yaliyoezekea mapaa yakachukuliwa. Mawe mazuri yaliyoletwa kutoka Barnack yakabanduliwa kwenye kuta, kikabaki kiini cha gumegume na chokaa, ndicho kinachoonekana leo bustanini kama visiki vya meno. Mwaka 1560 eneo zima liliuzwa kwa mtu binafsi, John Eyer, kwa pauni 412 na ushee. Kanisa lenye urefu wa karibu mita 150, moja ya makubwa kabisa ya Ulaya, likawa shamba la mawe.

Makanisa mawili ya ukingoni, la Mtakatifu Maria na la Mtakatifu Yakobo, hayakuguswa, kwa sababu yalikuwa ya waumini wa mjini. La Yakobo ndilo kanisa kuu la jimbo tangu 1914. Dada yake Henry, Mary, aliyewahi kuwa malkia wa Ufaransa na kuzikwa ndani ya abasia mwaka 1533, alihamishiwa kwa Maria. Edmund hajulikani aliko. Wapo wanaoamini amelala mahali palipojengwa viwanja vya tenisi, juu ya makaburi ya watawa.

Na mji, je, ulipewa soko mara baada ya 1539? Hapana. Ulingoja zaidi ya miaka 60, na katika kipindi hicho waliokuwa wakiendesha mambo ni wale wale wadhamini wa mfuko, katika ukumbi ule ule. James I alitoa hati ya kuutambua mji mwaka 1606, nyingine 1608, nyingine 1614. Mfuko wa Smyth bado upo. Unahifadhi nyumba za wazee, na kila Januari hufanyika ibada ya kumkumbuka, ikifuatwa na keki na bia.

Ukishuka Bury siku ya Jumatano au Jumamosi utakuta vibanda vimejaa Cornhill na Buttermarket, jibini, samaki, maua, soksi. Ushuru wa meza unalipwa kwa Halmashauri ya West Suffolk. Jina hilo liliwahi kuwa la kaunti iliyofuata mipaka ya Uhuru wa Mtakatifu Edmund, ile ya 1044, hadi ilipofutwa mwaka 1974. Mwaka 2019 jina likarudi, mipaka ikiwa pungufu. Kisha teremka hadi uso wa magharibi wa kanisa la abasia, kwenye yale matao matatu makubwa ambayo maandamano ya watawa yalipitia. Ndani ya matao watu walijenga nyumba zao. Zina madirisha, mabomba ya moshi, na milango.